Shahada ya Mtandaoni: Tusome Hapa, Lakini Tusisome Peke Yetu

Matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, washindi hunyunyiziwa poda kichwani na nyimbo hujaa barabarani. Furaha hiyo haikai siku nyingi. Poda ikishaoshwa, swali huketi barazani pamoja na wazazi: mtoto huyu ataenda kusoma wapi, na kwa fedha gani?

Kwa wazee wetu jibu lilikuwa moja, nalo ni kusafiri. Aliyetaka chuo kikuu alikwenda Bukavu, au Kisangani, au Lubumbashi, au hata Kinshasa, ambako Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Baadaye Kindu nayo ikapata chuo kikuu chake. Miaka hii ya karibuni jibu jingine limeingia kupitia simu: soma kwa mtandao, upate shahada bila kutoka nyumbani. Wengine wanalipokea kama mana iliyoshuka jangwani. Wengine wanalicheka na kusema kwamba shahada ya simu ni shahada ya hewa.

Naona pande zote mbili zinakosea. Shahada ya mtandaoni ni shahada kamili ikiwa chuo kinachoitoa ni halali, na inaweza kuwa baraka kwa kijana wa Lusangi. Lakini haimfai kila mtu, haifai kila kazi, na ni vigumu mno kwa mtu aliye peke yake kuifikisha mwisho. Anayetaka kuianza na atafute kwanza watu wa kusoma nao. Akiwakosa, heri asubiri kuliko kutumbukiza fedha za wazazi.

Tutazame kwanza kwa nini jambo hili linastahili kuzungumzwa katika vikundi vyetu. Kwenda mbali kuna gharama isiyoandikwa kwenye karatasi ya chuo. Karo tunaijua. Lakini kuna pia kodi ya chumba, chakula cha mjini, safari katika barabara ambazo mvua huzikata, na mbuzi na magunia ya mpunga yanayouzwa mmoja mmoja, moja moja, hadi zizi na ghala vibaki vitupu. Tena usalama wenyewe umekuwa kitendawili. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo huo, kila mzazi wa mashariki alitambua kwamba mji wa masomo unaweza kugeuka mji wa vita kwa siku chache tu.

Kuna gharama nyingine tunayoisahau. Fedha zikitosha mtoto mmoja, mara nyingi ni kaka anayetumwa, na dada huambiwa angoje kidogo. Kungoja huko huishia kwenye ndoa, na akili iliyokuwa ya kwanza darasani hubaki imefungwa kwenye kanga. Vivyo hivyo mwalimu wa shule ya kijijini mwenye diploma ya Serikali tu: akienda chuoni miaka mitatu, nani atafundisha darasa lake? Asipokwenda, hatapanda daraja kamwe. Kwa watu hawa wawili, dada aliyeambiwa angoje na mwalimu asiyeweza kuacha watoto, masomo yanayowafuata nyumbani si anasa. Pengine ndiyo njia pekee waliyo nayo.

Wanaosema kwamba kusoma kwa mbali si kusoma wanapaswa kuitazama historia. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilianza kuwaruhusu watu kufanya mitihani yake bila kuhudhuria masomo mjini humo. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kupitia UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa mbali, naye alikuwa bado mfungwa. Jirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, na mwaka uliofuata kikaanza kazi. Wanafunzi wake husoma wakiwa kazini na majumbani mwao, na hukutana katika vituo vya mikoa. Rais Samia Suluhu Hassan alipata shahada yake ya uzamili mwaka 2015 katika programu iliyoendeshwa kwa pamoja na chuo hicho na Southern New Hampshire University ya Marekani. Senegali, nchi inayosoma kwa Kifaransa kama sisi, ilianzisha chuo kikuu chake cha mtandaoni mwaka 2013. Leo kinaitwa kwa jina la mwandishi Cheikh Hamidou Kane.

Angalieni jambo moja katika mifano hiyo. Tanzania haikuwaacha wanafunzi wake na vitabu tu. Iliwajengea vituo katika mikoa. Senegali nayo, pamoja na masomo ya mtandao, ilifungua kumbi katika miji mbalimbali ambamo wanafunzi hupata mashine, intaneti, na watu wa kuwasaidia. Serikali hizo zilielewa kwamba mafundisho yanaweza kutoka mbali, lakini mwanafunzi anahitaji mahali pa kukaa na wenzake.

Mfano unaotugusa zaidi unatoka katika kambi za wakimbizi, na wengi wa wakimbizi hao ni ndugu zetu Wakongomani. Mwaka 2010 Mapadri Wajesuiti walianzisha masomo ya juu kwa mtandao katika kambi ya Kakuma nchini Kenya na kambi ya Dzaleka nchini Malawi. Walimu walikuwa ng'ambo, katika vyuo vya Kijesuiti, na diploma ilitolewa na Regis University ya Marekani. Nchini Rwanda, katika kambi ya Kiziba inayowahifadhi Wakongomani tangu mwaka 1996, taasisi iitwayo Kepler ilifungua masomo mwaka 2015, na wanafunzi wakawa wanaandaa shahada za Southern New Hampshire University, chuo kile kile tulichokitaja. Kambini hakuna raha ambayo sisi tumeikosa. Chakula ni cha kugawiwa, nyumba ni finyu, na kutoka nje huhitaji kibali. Hata hivyo wapo waliosoma wakamaliza.

Walifauluje? Hawakupewa simu na kuambiwa: kazi njema. Palikuwa na ukumbi wenye kompyuta, palikuwa na watu wa kuwaelekeza ana kwa ana, na palikuwa na wenzao waliokuwa na kazi ile ile na tarehe ile ile ya kuiwasilisha. Asiyefika aliulizwa amekwenda wapi. Kuulizwa huko, ndugu vijana, kuna thamani kubwa kuliko kasi ya intaneti.

Sasa tutazame upande wa pili, wa anayesoma bila kuulizwa na mtu. Mwaka 2019 watafiti wawili walichapisha katika jarida la Science hesabu ya masomo huria ya mtandaoni ya vyuo viwili mashuhuri vya Marekani, Harvard na MIT. Katika mwaka wa masomo 2017 hadi 2018, kati ya kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa kama 3 tu. Kati ya wale waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa kama 46. Masomo hayo si shahada nzima. Ni somo moja moja, na wengi walijiandikisha kwa udadisi tu. Lakini hata waliotoa fedha zao, zaidi ya nusu hawakufika mwisho, na wengi wao bila shaka wana umeme usiokatika. Kijana wa Kabambare anayesoma usiku kwa taa ya sola asidhani kwamba hamu yake peke yake itamvusha.

Tufanye hesabu kidogo, maana fedha na muda havidanganyi. Katika mfumo mpya wa masomo ya juu nchini, ambao wanafunzi huuita LMD, lisansi ni krediti 180 kwa miaka 3, yaani krediti 60 kwa mwaka. Krediti moja kwa kipimo cha kawaida huhesabiwa kuwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi au zaidi. Basi mwaka mmoja ni saa 1,500, karibu saa 29 kila juma, bila kupumzika Noeli wala Pasaka. Mwalimu anayefundisha asubuhi na kulima alasiri atazipata wapi saa 29? Hatazipata. Akubali basi kuchukua nusu ya mzigo na kusoma miaka 6, ikiwa chuo kinaruhusu. Hakuna aibu katika miaka 6. Aibu ni kulipa miaka 3 na kuacha katika mwezi wa nne.

Kutokana na hayo, naomba niseme waziwazi ni nani aichague njia hii na nani aiache.

Kijana aliyetoka tu shuleni, ambaye familia yake inaweza kumtuma chuo cha kuhudhuria, na njia ya kufika huko ni salama, aende. Katika umri huo mtu hujifunza mengi nje ya daftari: kuishi na watu wa makabila mengine, kubishana na profesa, kujitegemea. Simu haifundishi hayo vizuri. Aliyekwisha kuwa na kazi, au ndoa, au mzigo wa wadogo zake, huyo ndiye masomo ya mtandaoni yalimtafuta. Ana sababu ya kusoma na ana mahali pa kutumia alichojifunza kesho yake asubuhi. Na yule asiye na fedha za kwenda wala kazi ya kumshikilia? Aanze na somo moja la bure, alimalize, kisha apime. Mtu asinunue mtumbwi kabla ya kujua kama anaweza kupiga kasia.

Kazi nazo zatofautiana. Uhasibu, uongozi wa miradi, elimu, sheria, teolojia, sayansi ya kompyuta: sehemu kubwa ya haya yaweza kusomwa kwa mbali. Wadominikani, kwa mfano, wana chuo cha mtandaoni kiitwacho Domuni kinachofundisha teolojia na falsafa, na Kifaransa ni moja ya lugha zake. Lakini uganga, uuguzi na ukunga havijifunzwi kwenye kioo cha simu. Anayekuambia kwamba utakuwa muuguzi bila kuingia wodini, bila kushika mkono wa mgonjwa mbele ya msimamizi, anakudanganya wewe, na kwa kupitia wewe atamdanganya mama atakayeletwa kujifungua usiku.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hatari kubwa kuliko zote, yaani vyuo hewa. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact, yenye makao Karachi nchini Pakistani, ilikuwa imetengeneza mamia ya tovuti za shule na vyuo vikuu visivyokuwapo. Zilikuwa na picha za majengo na za maprofesa wenye tabasamu, lakini biashara ilikuwa moja: kuuza karatasi. Mwaka 2018 shirika la habari la BBC likaripoti kwamba zaidi ya vyeti 3,000 vya kampuni hiyo viliuzwa Uingereza katika miaka ya 2013 na 2014 tu, na kati ya wanunuzi walikuwamo wauguzi na madaktari. Ikiwa Uingereza yenye wakaguzi wengi imeingiliwa hivyo, sisi tutasalimika vipi kama hatuulizi?

Kwa hiyo tuulize kabla ya kulipa hata faranga moja. Kwanza, ni mamlaka gani ya nchi ya chuo hicho inayokitambua, na je, jina la chuo limo katika orodha ya mamlaka hiyo yenyewe, si katika tangazo la chuo? Pili, Wizara yetu ya Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu itaikubali diploma hiyo? Shahada iliyotolewa nje ya nchi huhitaji kupitishwa Kinshasa ili ihesabiwe kuwa sawa na ya nchini, na aliyeipata bila kujua hilo anaweza kufungiwa mlango wa kazi ya Serikali akiwa na karatasi mkononi. Tatu, mitihani inafanyikaje, na nani huisimamia? Chuo kisicho na mtihani, au kinachoahidi shahada kwa majuma machache, kimekwisha kujitaja jina.

Swali la nne ni la lugha. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, lakini vyuo vingi vya mtandaoni vya bei nafuu hufundisha kwa Kiingereza. University of the People, iliyoanzishwa mwaka 2009, haitozi karo ya masomo, bali hutoza ada katika kila somo. Na programu zake nyingi ni za Kiingereza. Masomo mengi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania pia ni kwa Kiingereza, ingawa mwanafunzi na mwalimu watasalimiana kwa Kiswahili. Asiyejua lugha hiyo na atenge mwaka mmoja kuijifunza kwanza. Kusoma uhasibu na lugha ya uhasibu kwa wakati mmoja ni kubeba magunia mawili kwenye baiskeli yenye gurudumu bovu.

Kuna na swali la tano, ambalo hakuna wizara itakayokuuliza: kazi unayoiwasilisha ni yako? Katika masomo ya mbali, mwalimu hakuoni. Ni rahisi kumlipa mwenzako akuandikie, na siku hizi ni rahisi zaidi kuiagiza programu ya kompyuta ikutungie kurasa kumi kwa dakika moja. Utapata alama. Lakini siku utakapokabidhiwa hesabu za shule au za ushirika wa wakulima, programu hiyo haitakuwa imekufundisha kuona pengo katika daftari, na watakaopoteza ni maskini waliokuamini. Cheti ni ahadi kwa watu ambao bado hujawaona.

Wapo watakaosema: maneno mazuri, lakini hapa kwetu umeme uko wapi, na mega zinaliwa kama karanga. Ni kweli. Lakini huo ndio ubora wa kuungana. Paneli moja ya sola na betri yake ni mzigo kwa familia moja. Kwa vijana kumi ni mchango unaowezekana. Video iliyopakuliwa mara moja na mmoja wetu yaweza kutazamwa na kumi, bila mega nyingine. Mwezi Mei 2025 Serikali ilitoa leseni kwa Starlink, intaneti inayotoka kwenye setilaiti, na huenda siku moja chombo kimoja kikahudumia parokia nzima. Hata hivyo tusingoje chombo. Waliosoma kwa barua zamani hawakuwa na setilaiti. Walikuwa na ratiba na uvumilivu.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa vikundi vyetu vya vijana, tukiwa Xaveri, Kiro, Kizito-Anuarite au kikundi kingine chochote. Tuombe kwa paroko na baraza la parokia chumba kimoja, jioni mbili kwa juma na Jumamosi mchana. Chumba hicho kiwe na meza, mwanga, na daftari la mahudhurio. Anayesoma kwa mtandao aje pale, hata kama mwenzake anasoma jambo tofauti kabisa. Mwalimu mmoja wa sekondari au mtumishi wa afya akubali kuwa mlezi, si wa kufundisha kila somo, bali wa kuuliza: juma hili umefika wapi? Akina dada wapewe saa zinazowafaa, mchana, wasilazimike kurudi nyumbani gizani, na akina mama wenye watoto wachanga wasifukuzwe kwa sababu mtoto amelia. Kabla mtu hajalipa chuo chochote, alete jina la chuo hicho mbele ya wenzake, tuliulizie pamoja.

Na wazazi wetu nao tuwaeleze ukweli. Mama anayeuza mafuta ya mawese sokoni ana haki ya kujua fedha yake imekwenda wapi, karo kiasi gani, ada ya mtihani kiasi gani, mega kiasi gani. Tukiweka hesabu mezani mwanzoni, hatatuona wavivu tunapokaa na simu saa mbili za usiku. Atajua kwamba tuko darasani.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Shahada huandikwa jina la mtu mmoja, lakini tangu Kakuma hadi Kiziba tumeona kwamba hupatikana kwa mikono ya wengi. Basi katika mkutano ujao wa kikundi, badala ya kuulizana nani ataondoka na nani atabaki, tuulizane mambo matatu: nani anataka kusoma, anataka kuwa nani kwa ajili ya watu wa hapa, na ni jioni gani tutakaa naye mezani. Tukiyajibu hayo, ndipo tufungue simu.